Dansi Ndiyo Iliyolipa Jeneza

Mtu aliyewahi kushika daftari la chama cha kufa na kuzikana, awe Tandale au Minneapolis, anajua kwamba kuzika si kazi. Kazi ni kumdai ada mtu mzima mwenye afya zake, ambaye hajafiwa na haoni dalili ya kufiwa. Waayalandi wa New York walikutana na tatizo hilo katika karne ya 19, na hawakulimaliza kwa hotuba. Walikodi ukumbi, wakaita bendi, wakauza tiketi, na faida ikaingia kwenye mfuko wa wagonjwa na maiti. Anayevitazama vyama vile kama klabu za starehe tu, au kama mifuko ya misaada tu, ameona upande mmoja wa beji.

Na beji yenyewe ilikuwa na pande mbili kwelikweli. Ni utepe wa hariri unaoning'inia kifuani, juu una pini, chini una nyuzinyuzi za mapambo. Upande mmoja ni wa kijani na dhahabu, umeandikwa jina la chama na namba ya tawi, na huo ndio uliovaliwa kwenye gwaride la Mtakatifu Patrick tarehe 17 Machi. Geuza: upande wa pili ni mweusi tii, maandishi ya rangi ya fedha, wa kumsindikiza marehemu. Mwanachama alinunua beji moja ikamtosha kwa sherehe na kwa msiba. Sijui chombo kingine kinachoeleza chama kizima kwa ufupi namna hiyo.

Njaa ya viazi ya 1845 hadi 1852 iliwamwaga watu bandarini kwa malaki. Kufikia 1860 New York, ambayo wakati huo ilikuwa kisiwa cha Manhattan tu, ilikuwa na wakazi 800,000 na ushei, na kama 200,000 kati yao walizaliwa Ayalandi. Robo ya jiji. Kibarua wa kubeba matofali alipata takriban dola 1 kwa siku, siku aliyopata kazi. Akianguka kwenye jukwaa la ujenzi na kuvunjika mguu, mshahara ulikoma saa ileile.

Vyama vilikuwa vya aina tofauti, na kuvichanganya ni kosa la kawaida. Friendly Sons of St. Patrick, cha 1784, kilikuwa cha wafanyabiashara walioshiba: walikula pamoja, wakachangia maskini, lakini wao wenyewe hawakutegemea kupewa kitu. Irish Emigrant Society, cha 1841, kilimhudumia anayeshuka melini leo. Ancient Order of Hibernians, kilichoanza 1836, kilikuwa cha wanachama kusaidiana wao kwa wao, Wakatoliki wa damu ya Ayalandi. Halafu kuna vyama vya kaunti, watu wa Sligo wakiwa na chao tangu 1849, na baadaye kaunti zote 32 za Ayalandi zikafuata, hadi mwaka 1904 zikaundiwa mwamvuli mmoja. Mtu mmoja angeweza kuwa ndani ya vitatu: cha dini, cha kaunti, na cha kazi yake ya bandarini. Mwenye akili alijiunga na viwili vyenye posho, kwa sababu kimoja hakikutosha kulipa pango akiwa kitandani.

Tuanze na bandari. Adui wa kwanza wa mgeni alikuwa Mwayalandi mwenzake. Wapiga debe wa nyumba za kulala walizidaka meli zikitia nanga, wakasema lafudhi ya kwao, wakanyakua sanduku na kulikimbiza. Anayelifuata sanduku lake anajikuta kwenye nyumba ambayo bei ya kwanza ni nafuu na bei ya kuondoka ni nyingine, na sanduku halitoki hadi alipe. Wengine waliuza tiketi za treni zisizofika popote, au wakapima mizigo kwa mizani iliyochezewa. Mgeni akaingizwa mjini kabla hajaingia mjini.

Vyama vilihubiri sana, vikachapisha maonyo, na wapiga debe wakaendelea kula. Kilichofanya kazi ni kuwa na kiti mahali pa kuamua. Jimbo la New York lilipounda bodi ya makamishna wa wahamiaji mwaka 1847, mwenyekiti wa Irish Emigrant Society na mwenzake wa chama cha Wajerumani walikuwa wajumbe kwa vyeo vyao. Agosti 1855 bodi ikafungua Castle Garden, ngome ya zamani kwenye ncha ya Manhattan, iwe mlango mmoja wa kushukia. Mgeni aliandikishwa, akabadilisha fedha kwa kiwango kilichotangazwa, akanunua tiketi ya treni humohumo ndani, akaandikiwa barua au kupelekewa telegramu kwa ndugu, na mpiga debe akabaki nje ya uzio. Uzio ulifanya kazi ambayo vipeperushi havikuiweza.

Sasa chama chenyewe, na mlango wake. Muombaji alipendekezwa na mwanachama mmoja, akaungwa mkono na mwingine. Kamati ya watu wawili au watatu ikaenda kuuliza: anakaa wapi, anakunywa kiasi gani, kifua chake kikoje. Kisha kura ya siri kwa gololi, nyeupe na nyeusi, na nyeusi chache tu zilitosha kumrudisha nyumbani. Umri kwa kawaida uliishia 45. Akishalipa kiingilio, posho haikuanza papo hapo. Vyama vingi vilimtaka asubiri miezi sita hivi. Wengi huona kipengele hiki ni ukatili. Lakini bila muda wa kusubiri, wa kwanza kubisha hodi ni yule aliyeanza kukohoa damu wiki jana, na wa mwisho ni kijana mzima ambaye ada yake ndiyo mtaji. Chama kikiwapokea wa kwanza bila masharti, kinakufa na wote.

Kwenye fedha, ada ya senti 25 hadi 50 kwa mwezi ilikuwa ya kawaida, na posho ya mgonjwa ya dola 4 au 5 kwa wiki. Tupige hesabu ya mfano. Wanachama 100 kwa senti 50 ni dola 50 kwa mwezi, dola 600 kwa mwaka. Tuseme wengi ni vijana na kila mmoja kwa wastani anaugua wiki moja kwa mwaka: wiki 100 kwa dola 4 ni dola 400. Akifa mmoja, mazishi ni dola 75. Ukumbi wa mikutano, mara 24 kwa dola 2, ni dola 48. Zimebaki 77. Akifa wa pili, zimebaki dola 2, na hiyo ni kama kila mtu amelipa kwa wakati, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu dunia iumbwe.

Ndiyo maana dansi. Endelea na mfano: tiketi moja ya senti 50 inamwingiza mwanamume na bibiye. Ziuzwe 400, ni dola 200. Toa ukumbi dola 50, bendi 30, uchapaji wa tiketi na mabango 10. Zimebaki dola 110. Usiku mmoja umezika mtu na kumlisha mgonjwa zaidi ya wiki nane. Tena fedha hizi zimetoka kwa watu wa nje ya chama, ambao hawatadai posho kamwe. Hapo ndipo ujanja ulipo: ada huzungusha fedha za wanachama walewale, dansi huleta fedha mpya.

Dansi nayo ilikuwa na namna zake za kuvuja. Ya kwanza ni tiketi zisizorudi. Kila mwanachama alikabidhiwa kitabu cha tiketi zenye namba na vishina. Asiyerudisha tiketi wala fedha alihesabiwa kuwa amezinunua zote. Kamati iliyoona aibu kulisimamia hilo iliishia na ukumbi uliojaa na sanduku tupu. Ya pili ni kuchagua siku bila kuuliza jirani: kaunti mbili zikicheza usiku mmoja, zote hula hasara. Mwamvuli wa kaunti ulisaidia mambo mengi, ila kwa mweka hazina faida yake kubwa pengine ilikuwa kalenda. Ya tatu ni baa. Mwenye ukumbi akibaki na mapato ya vinywaji, atakukodisha kwa bei ya chini na kulewesha watu wako. Chama kikichukua baa, faida inapanda pamoja na ngumi.

Majira ya joto kazi ileile ilifanywa na michezo. Mwaka 1897 Waayalandi walinunua kiwanja Queens, ng'ambo ya mto East River, wakakiita Celtic Park, na vyama vya kaunti vikawa vinafanya siku zao pale: mpira wa kwao na mbio, huku jukwaa la dansi likiwa pembeni. Kiwanja hakikuwa mbali na makaburi ya Calvary, yaliyofunguliwa 1848, ambako Wakatoliki wengi wa jiji walizikwa. Feri za East River ziliwavusha watu kwa yote mawili.

Turudi kwa mgonjwa. Hapa ndipo chama kilipopata sifa au kuvunjika. Taarifa ya ugonjwa ilitolewa kwa katibu, kwa maandishi, na siku za posho zilihesabiwa kuanzia taarifa ilipopokelewa, si siku mtu alipoanza kuumwa. Daktari aliandika cheti. Halafu kamati ya kutembelea wagonjwa ilipanda ngazi za nyumba za kupanga, ghorofa ya nne au ya tano, vyumba vya giza vya mtaa wa Five Points. Kamati zilizojua kazi zilituma watu wawili kwa nyakati tofauti. Wakienda pamoja, saa ileile kila Jumamosi, watamkuta mgonjwa amelala vizuri sana. Akienda mmoja Jumanne asubuhi na mwingine Alhamisi jioni, ndipo hujulikana nani anaumwa na nani anabeba mizigo gatini huku anakula posho. Aliyekutwa kilabuni alipoteza haki. Ugonjwa uliotokana na ulevi au ugomvi haukulipwa, na kipengele hicho kilizua mabishano kuliko vingine vyote, maana mguu uliovunjika Jumamosi usiku una hadithi mbili kila mara.

Mjumbe alilipa mkononi, akachukua sahihi au alama ya msalaba kwa asiyejua kuandika. Baada ya muda fulani, mara nyingi wiki 13, posho ilipungua hadi nusu. Sababu ni kifua kikuu. Mgonjwa wa kifua anaweza kuishi miaka miwili kitandani, na wawili wa namna hiyo humaliza mfuko wa watu mia. Vyama vilivyolipa bila kikomo kwa huruma vilimhudumia wa kwanza na kumwacha wa tatu bila kitu.

Msibani kulikuwa na sheria kali kuliko ugonjwani. Wanachama walipewa zamu za kukesha, wakajipanga nyuma ya jeneza beji zikiwa zimegeuzwa nyeusi, na asiyetokea bila udhuru alitozwa faini. Kwa nini faini? Kwa sababu maiti wa ugenini huogopa kitu kimoja, kuzikwa bila watu, na mtu alilipa ada miaka kumi ili asizikwe hivyo. Tatizo lilikuwa magari ya farasi. Kila familia ilitaka msururu mrefu kuliko wa jirani, na mapadri walikemea sana. Chama chenye busara kililipa mwenye jeneza moja kwa moja kwa kiasi kilichopangwa, kikampa mjane kilichobaki. Kikimkabidhi mjane fedha zote usiku wa mkesha, shemeji huziona kabla ya watoto.

Mweka hazina aliwekewa dhamana, akazuiwa kukaa na fedha taslimu zaidi ya kiasi fulani, na kutoa benki kulihitaji sahihi za wadhamini. Daftari la akiba alilishika mtu mwingine. Wakaguzi walisoma hesabu mbele ya mkutano kila robo mwaka. Palipotokea wizi, mara nyingi ni kwa mtu anayependwa, ambaye kila mmoja aliona haya kumwomba risiti.

Benki nazo zina kisa chake. Mwaka 1850 watu 18 wa Irish Emigrant Society, kwa msukumo wa Askofu Mkuu John Hughes, walianzisha Emigrant Industrial Savings Bank, mtaa wa Chambers namba 51. Wateja wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo karani aliwauliza maswali na kuyaandika: parokia ya kuzaliwa, jina la baba, jina la mama kabla ya kuolewa, meli uliyokuja nayo na mwaka, ndugu zako wako wapi. Ukija kutoa fedha unaulizwa tena. Tapeli anaweza kuiba kitabu cha akiba. Si rahisi aibe jina la meli. Chama na benki vilituma pia fedha nyumbani kwa hawala zilizolipwa na Bank of Ireland, na kati ya 1850 na 1880 zaidi ya dola milioni 30 zilipita njia hiyo.

Lakini 1854 na tena 1857 wateja waliikimbilia benki hiyo kutoa fedha zao. Wachumi waliokuja kuyachambua madaftari yake wakakuta jambo la kushangaza: kilichoeleza sana nani alifunga akaunti na nani alitulia ni kaunti aliyotoka na mtaa aliokaa. Uvumi ulisafiri kwa njia ileile iliyosafirisha habari za kazi, vyumba na harusi. Benki ilinusurika. Kwa mwenye chama, somo ni la kiutendaji kabisa: undugu unaokusanya fedha haraka huzitawanya haraka vilevile, kwa hiyo habari ya mfuko isomwe kwa tarakimu mkutanoni kabla haijasomwa kwa minong'ono ngazini.

Nimewaacha wanawake hadi hapa, kama vyama vyenyewe vilivyofanya. Wasichana wa Ayalandi walikuja peke yao kwa wingi usio wa kawaida kwa wahamiaji wa Ulaya, wakawa watumishi wa ndani. Walilala na kula kwa mwajiri, hawakulipa pango, na waliweka akiba na kutuma nyumbani kuliko kaka zao. Mapumziko yao yalikuwa Alhamisi jioni na Jumapili kwa zamu. Ukijiuliza kwa nini kumbi za dansi za Waayalandi zilijaa Alhamisi, jibu ni hilo. Walinunua tiketi, wakajaza ukumbi, faida ikazika wanaume. Daftari la posho halikuwa na majina yao. Hibernians hawakuwa na tawi la kitaifa la wanawake hadi 1894. Siwezi kuliremba hilo.

Msaada wao ulitoka kwingine. Charlotte Grace O'Brien, mwandishi kutoka Ayalandi, alipiga kelele kuhusu hali ya wasichana melini na bandarini, na mwaka 1884 Padri John Riordan akaanzisha misheni ya kuwapokea Castle Garden, kisha ikapatikana nyumba namba 7 mtaa wa State, hatua chache kutoka gatini. Mtu wa misheni alipokea kila meli, akamuuliza kila msichana anwani ya ndugu, akampelekea ndugu habari. Ndugu asipokuja, msichana alilala pale bure hadi apatikane, au atafutiwe kazi kwenye nyumba iliyochunguzwa. Kufikia 1908 walikuwa wamehudumia takriban 100,000. Anwani zilizokosewa ndizo zilizosumbua zaidi: jina la mtaa limeandikwa kama lilivyosikika barua iliposomwa kwa sauti kijijini.

Vyama vya posho havikuuawa na wezi. Viliuawa na umri. Rudi kwenye mfano wetu: watu wale 100, miaka 25 baadaye, wakiugua wiki mbili kila mmoja badala ya moja. Posho ni dola 800, mapato bado ni 600. Ukipandisha ada, vijana wanahamia chama kipya chenye vijana wenzao na ada ndogo, na unabaki na wazee. Mtindo wa kila mtu kutoa dola 1 akifa mwenzake, uliopendwa sana baada ya 1868, uliteleza kwenye ganda lilelile: mwanzoni vifo vichache, raha, baadaye taarifa ya msiba kila wiki. Kilichokuwa kinaviokoa ni meli nyingine kutia nanga na vijana wapya. Sheria ya uhamiaji ya 1924 ikabana meli. Fidia ya ajali kazini, New York mwaka 1914, na hifadhi ya jamii ya serikali, 1935, zikachukua majeruhi na mzee. Celtic Park iliuzwa 1930, zikajengwa nyumba za kupanga.

Dansi ikabaki, na kumbe ilitosha kuutunza moto usizimike. Vijana wasio na vibali walipojaa Bronx na Queens miaka ya 1980, ni ndani ya chama cha kaunti ya Cork ndipo harakati ya kudai vibali ilipozaliwa, 1987. Sheria ya uhamiaji ya 1990 ikaja kuwapa Waayalandi viza 48,000 kwa miaka mitatu. Vituo vya kuwasaidia wahamiaji vipo hadi leo Woodside na Woodlawn, mitaa ya New York, na mji jirani wa Yonkers.

Na maiti bado wanasafirishwa. Mwaka 2013 familia moja ya Newry, Ayalandi ya Kaskazini, ilichangiwa fedha za kumrudisha kijana wao aliyefia New York, zikazidi mahitaji kwa mbali, nao wakaziweka mfuko wa kuwarudisha wengine wanaofia ugenini, ambao umeendelea tangu hapo. Katiba za vyama vya zamani zililiandika jambo hilo mapema, kabla ya mtu kufa: kinachozidi kinarudi mfuko mkuu, na wakaguzi wanakisoma. Kwetu, kikundi cha WhatsApp cha msiba hunyamaza wiki ya tatu, na salio linabaki kwenye simu ya mtu mmoja.